Tarehe na Kitenzi: Uhakiki wa Jedwali la Siku za Kukumbukwa

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ametuletea jedwali la siku za kukumbukwa katika sayansi na sanaa, akatuuliza kama lafaa kubandikwa ukutani darasani. Jedwali lenyewe lina kurasa kumi na mbili, kila mwezi na ukurasa wake, na Kiswahili chake ni dhahiri kwamba kimefasiriwa kutoka lugha nyingine. Jina la mfasiri halimo. Majedwali ya namna hii si mageni kwetu. Husomwa redioni asubuhi, hunakiliwa magazetini, hutiwa katika hotuba za wageni wa heshima, na wanafunzi huyanukuu katika insha zao. Kwa sababu hiyo tumeona si vema jibu letu liishie kwa mwalimu huyu peke yake.

Jibu letu ni kwamba jedwali hili lisibandikwe kama lilivyo. Kasoro zake si za sarufi, kwani sentensi zake nyingi zimesimama sawasawa. Kasoro ni kwamba mambo yaliyothibitika yamewekwa bega kwa bega na mambo yaliyosimuliwa tu, na mengine yaliyozuliwa, bila ya kutenganishwa hata kwa neno moja. Kila habari katika jedwali la siku za kukumbukwa ina viungo viwili: tarehe na kitenzi. Uongo huingia kwa milango hiyo miwili, na bawabu wa milango yote miwili ni mfasiri. Haya ndiyo tunayokusudia kuyaonyesha hapa.

1. Jina la jambo lenyewe

Kabla ya kuingia katika tarehe, yafaa tutazame maneno yanayotumika kuitaja siku yenyewe. Jedwali letu linatumia "sikukuu", "maadhimisho", "kumbukumbu" na "jubilei" kana kwamba yote ni neno moja. Katika ukurasa wa Januari tumekuta "sikukuu ya kufa kwa Galileo". Msomaji asiyemjua Galileo atadhani alikuwa adui wa watu, hata kufa kwake kukawa furaha.

Sikukuu ni siku ambayo watu huacha kazi wakafurahi au wakafanya ibada. Kuadhimisha ni neno la ukoo mmoja na "adhimu", nalo maana yake ni kulipa jambo heshima na utukufu. Kumbukumbu ni pana zaidi, nayo hufaa kwa jambo la furaha na kwa jambo la msiba. Watu wanapokutana tarehe 21 Mei kuwakumbuka waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, wanafanya kumbukumbu. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba wanaadhimisha kuzama kwa meli. Watu wa pwani wana pia neno "hauli", yaani kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka marehemu, na wana "maulidi" kwa mazazi ya Mtume. Hatusemi kwamba Galileo afanyiwe hauli. Tunasema tu kwamba lugha hii ilikwisha kujua kutofautisha siku ya kuzaliwa na siku ya kufa muda mrefu kabla ya majedwali haya kuja, na kwa hiyo mfasiri hana udhuru.

Neno "karne" nalo limekosewa. Karne ni muda wa miaka mia, si siku ambayo miaka hiyo inatimia. Tukisema "kuadhimisha karne ya Shaaban Robert", msomaji hajui kama tunakusudia miaka mia tangu azaliwe au zama zote alizoishi. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, na mwaka 2009 ilitimia miaka mia tangu kuzaliwa kwake. Semi hiyo ni ndefu kidogo, lakini haimpotezi mtu.

Isitoshe, kuna tofauti kati ya hesabu ya miaka na hesabu ya sherehe. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Basi maadhimisho ya mwaka 2024 yalikuwa ya tatu, hali miaka iliyopita tangu yale ya kwanza ilikuwa miwili tu. Ofisa anayeandika bango la sherehe akichanganya hesabu hizi mbili, kosa lake litapigwa picha na kubaki.

2. Mlango wa tarehe

Tarehe huonekana kuwa kitu kigumu kisichobadilika. Kwa kweli kila tarehe ina kalenda yake na mahali pake, na ikihamishwa bila ya vitu hivyo huharibika.

Jedwali letu lasema kwamba Shakespeare na Cervantes "walifariki siku moja", tarehe 23 Aprili 1616. Jambo hili hupendwa sana na wasemaji wa Siku ya Vitabu Duniani, ambayo UNESCO iliiweka tarehe hiyo mwaka 1995. Lakini Hispania ilikuwa imekwisha kuipokea kalenda ya Papa Gregori iliyoanza mwaka 1582, na Uingereza iliendelea na kalenda ya kale ya Kirumi mpaka mwaka 1752. Wakati wa vifo hivyo, kalenda hizo mbili zilitofautiana kwa siku kumi. Shakespeare alikufa tarehe 23 Aprili ya Uingereza, ambayo Hispania ilikuwa tarehe 3 Mei. Cervantes alikufa tarehe 22 Aprili akazikwa kesho yake. Kwa hiyo walikufa karibu, lakini hawakufa siku moja. Ama kuhusu kuzaliwa kwake Shakespeare, kilichoandikwa ni ubatizo wake, tarehe 26 Aprili 1564. Kwamba alizaliwa tarehe 23 ni mapokeo tu.

Mfano wa pili ni wa sayansi. Tumeambiwa kwamba Newton "alizaliwa mwaka uleule aliofariki Galileo", kana kwamba maarifa yalitoka kifua kimoja yakaingia kingine. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642 kwa kalenda mpya iliyotumika Italia. Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya kale iliyotumika Uingereza. Tukitumia kalenda mpya kwa wote wawili, Newton alizaliwa tarehe 4 Januari 1643. Tukitumia ya kale kwa wote wawili, Galileo alifariki tarehe 29 Desemba 1641. Hakuna kalenda hata moja ambamo mambo haya mawili yalitokea mwaka mmoja. Mwaka huo wa pamoja ulizaliwa na mwandishi aliyechukua nusu ya hesabu huku na nusu huko.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya Ulaya ya zamani, nasi yanatuhusu nini? Na tuutazame mwezi wa Julai. Jedwali lasema: "Tarehe 20 Julai 1969 binadamu akanyaga mwezi." Chombo cha safari ya Apollo 11 kilitua mwezini tarehe 20, saa tano na dakika 17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Lakini Neil Armstrong alishuka na kuukanyaga mwezi baadaye, na hapo kwetu ilikuwa tarehe 21 Julai, saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri. Tarehe 20 kwa jambo la kukanyaga ni tarehe ya Marekani. Mfasiri angeandika "chombo chatua", tarehe yake ingekuwa sahihi Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Ameandika "akanyaga", na kwa kitenzi hicho kimoja amewafanya wazee wetu waliokesha karibu na redio wawe wamekosea siku.

Tena yafaa tukumbuke hesabu ya wenyeji wa pwani, ambayo huanza siku jua linapotua. Tarehe 20 Julai 1969 ilikuwa Jumapili. Kwa hesabu hiyo, kutua na kukanyaga vyote viwili vilitokea usiku mmoja, nao ni usiku wa Jumatatu. Hatupendekezi kwamba hesabu hiyo itumike katika majedwali ya shule. Tunapendekeza ijulikane, maana wako wazee wanaosimulia mambo kwa hesabu hiyo, na mwanafunzi anayewaandika asidhani wamesahau.

Jambo la kalenda latugusa hata katika fasihi yetu wenyewe. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate, kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1728. Tarehe inayopokewa na wataalamu ni mwaka 1141 wa Hijra, na mwaka huo ulianza Agosti 1728 ukaishia katikati ya mwaka 1729. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku kumi au kumi na moja. Basi miaka mia tatu ya utendi huu kwa kalenda aliyoitumia mtunzi mwenyewe ilitimia mwaka 1441 wa Hijra, yaani mwaka 2019 hadi 2020. Kwa kalenda ya miladi itatimia mwaka 2028. Anayetaka kuuadhimisha na achague, lakini aseme amechagua ipi.

3. Mlango wa kitenzi

Mlango wa pili ni mpana zaidi, na wanaopita humo ni wengi. Jedwali lina vitenzi viwili vinavyorudiwa karibu kila ukurasa, navyo ni "kugundua" na "kuvumbua". Mfasiri hakuvitofautisha. Lugha yetu ina vitenzi vinne vinavyohusika hapa: kugundua, kuvumbua, kubuni na kuzua. Kugundua ni kutambua kitu kilichokuwapo. Kuvumbua ni kukitoa kitu mafichoni kwa kutafuta au kwa bahati, na watu wengi hukitumia pia kwa kutengeneza kitu kipya. Kubuni ni kutunga kwa akili kitu ambacho hakikuwapo, bila ya nia ya kudanganya. Kuzua ni kutunga jambo na kulipitisha kama kweli. Lugha iliyotenga ubunifu na uzushi kwa maneno mawili imempa mfasiri mizani iliyo tayari.

Sasa tazama habari hii: "Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro." Mlima unaoonekana kutoka mbali vile, ambao Wachaga waliulima na misafara iliupita, hauwezi kugunduliwa na mgeni. Lakini kosa halitibiwi kwa kumwondoa Rebmann jedwalini, kwa sababu lipo jambo la kweli alilolifanya. Aliona weupe kileleni, akaandika kwamba ni theluji, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya, waliokuwa hawajafika, wakambishia kwa miaka mingi. Rebmann mwenyewe aliandika kwamba kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule "baridi" tu. Neno hilo latosha kuonyesha nani alikuwa na maarifa gani: mwenyeji aliijua hali ya kitu, na mgeni aliijua jamii yake, kwa sababu alitoka nchi yenye theluji. Kitenzi sahihi basi ni "aliona", na kingine ni "akaeleza". Vyote viwili ni vya heshima.

Hali kadhalika twasoma kwamba John Hanning Speke "aligundua Ziwa Viktoria" tarehe 3 Agosti 1858. Kabla ya kufika Mwanza, Speke alikuwa amekwisha kuelezwa habari za ziwa hilo na wafanyabiashara Waarabu wa Kaze, penye Tabora ya leo. Alichokuwa nacho yeye peke yake ni dhana kwamba Nili yatoka humo. Siku ile alikisia. Mwaka 1862 aliyaona maji yakitoka ziwani karibu na Jinja. Na wenzake waliendelea kumpinga mpaka Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875. Jedwali limemsifu Speke kwa jambo ambalo si lake, likamnyima lililo lake. Kitenzi kibaya hakiwadhulumu wenyeji peke yao, bali humdhulumu hata yule kilichokusudia kumtukuza.

Tunakuja kwa mwanafunzi wetu Erasto Mpemba. Jedwali lasema: "1963: Mpemba avumbua kanuni ya maji moto." Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, Mpemba aliweka maziwa ya aiskrimu katika jokofu yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Aliuliza akachekwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakumcheka bali alilifanyia jambo hilo majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Aristotle naye alikwisha kuandika jambo la namna hiyo zamani sana. Wanasayansi hawajakubaliana mpaka leo juu ya sababu zake, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliona kwamba ushahidi wake hautoshi. Kwa hiyo hakuvumbua, na alichokiona si kanuni. Alitambua jambo, akauliza, wala hakuacha kuuliza. Mwanafunzi anayesoma jedwali darasani atafaidika zaidi na kitenzi "aliuliza" kuliko "alivumbua", kwa kuwa kuuliza hata yeye anaweza.

Hapa pana suala la istilahi. Wafasiri wengine huliita jambo hili "athari ya Mpemba". Msomaji wa Kiswahili akiona maneno hayo ataelewa kwamba mtu wa Pemba ameleta madhara, kwani "athari" kwake ni alama au dhara linaloachwa na kitu, na "Mpemba" ni mtu wa kisiwani. Tunapendekeza "tukio la Erasto Mpemba", kwa jina lake kamili.

Tumalizie na tofaa la Newton. Jedwali lasema kwamba tofaa "lilimwangukia kichwani". Newton alipokuwa mzee, mwaka 1726, alimsimulia rafiki yake William Stukeley kwamba kuanguka kwa tofaa kulimfanya afikiri juu ya uzito wa vitu. Habari ya kichwa haimo. Shina la kisa hiki basi ni mapokeo yenye shahidi, na tawi lake ni uzushi. Mfasiri mwaminifu hulikata tawi akaliacha shina.

4. Mapendekezo

Tunapendekeza kwamba kila jedwali la siku za kukumbukwa linalotolewa kwa Kiswahili litumie alama tatu, nazo ni: "imethibitika", kwa jambo lenye maandishi ya wakati wake, "imepokewa", kwa jambo linalosimuliwa au kukubaliwa bila ya maandishi kama hayo, na "imebuniwa", kwa kisa kilichotungwa ambacho chapendeza hata kama si cha kweli. Yaliyozuliwa yasiandikwe kabisa. Aidha, tarehe ya kabla ya mwaka 1752 itajwe pamoja na kalenda yake, na jambo lililotokea ng'ambo kwa saa maalumu ligeuzwe kuwa saa zetu. Vilevile mfasiri aandike jina lake. Asiyetaka jina lake lionekane chini ya jedwali huenda anajua sababu.

Hatuna nia ya kuwanyima wasomaji furaha ya kulinganisha mambo. Mwaka 1963, mwaka wa swali la Mpemba, ndio ilipotoka tarjuma ya kwanza ya Julius Caesar ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1969, mwaka wa makala ya Mpemba na Osborne, ndio zilipotoka Mabepari wa Venisi na habari za mwezini. Ulinganifu huu ni wa kweli na unafurahisha, lakini hauthibitishi kitu chochote, na mwalimu na awaambie wanafunzi wake hivyo.

Jambo hili lina haraka. Mwaka 2028 itatimia miaka mia tangu mkutano wa Mombasa ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 2030 miaka mia tangu kuanza kazi kwa Kamati ya Lugha, tarehe 1 Januari 1930. Hapana shaka majedwali yataandikwa, mengine kwa lugha za kigeni, kisha yataletwa kwetu yafasiriwe. Tunaona mapema sentensi itakayokuwamo: "Kiswahili kilizaliwa Mombasa mwaka 1928." Mwaka huohuo wa 2028, kwa hesabu ya miladi, Utendi wa Tambuka utakuwa unatimiza miaka mia tatu. Lugha haiwezi kuzaliwa miaka mia mbili baada ya kutungiwa utendi. Mombasa hapakuzaliwa lugha, palichaguliwa lahaja. Tofauti hiyo imo katika kitenzi, na kitenzi kimo mkononi mwa mfasiri.

Mwalimu aliyetuletea jedwali tumemrudishia pamoja na masahihisho. Tumemshauri alibandike hivyohivyo, likiwa na wino mwekundu, ili wanafunzi waone kilichofutwa na sababu ya kufutwa kwake. Wasomaji wenye majedwali kama hilo, au wenye maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza, wanaombwa watuletee.